Msongo wa Mawazo na Afya ya Mwili

Ndugu msomaji, hapana mwanadamu aishiye bila mashaka. Mwenye mali huiwazia mali yake, na asiye nayo huwaza jinsi ya kuipata. Mzazi hufikiri juu ya ada ya shule, na mkulima juu ya mvua. Basi inatupasa tujifunze namna ya kuyapokea mashaka hayo yasije yakatuharibia afya.

Yafaa kwanza tufahamu yanayotokea mwilini. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi hofu na hasira zinavyoigeuza hali ya mwili. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hukazana, sukari huongezeka katika damu, na tumbo hupunguza kazi yake, ili nguvu ziende kwenye viungo vya kupigana au kukimbia. Huu si ugonjwa, ni kinga. Nyoka akiisha kwenda zake, mwili hurudi katika utulivu.

Lakini deni halikimbiwi kwa miguu wala halipigwi kwa fimbo. Hulala nasi na kuamka nasi, na mwili hukaa katika hali ya tahadhari kwa majuma na miezi. Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyefanya kazi Montreal, nchini Kanada, alieleza kutokana na majaribio ya panya kwamba mwili unaotaabishwa kwa muda mrefu hupita hatua 3: kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na mwisho huchoka. Hatua ya pili ndiyo yenye hadaa, kwa sababu mtu hujiona mzima na watu humsifu kwa uvumilivu wake, hali nguvu zake zinakwisha.

Kwa hiyo yampasa kila mmoja ajichunguze mapema. Dalili ni kama hizi: usingizi kukatika usiku wa manane, kichwa kuuma, na shingo na mabega kukaza, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, kusahau, na kuwakaripia watoto kwa jambo dogo. Hii ya mwisho mara nyingi huonwa na watu wa nyumbani kabla mwenyewe hajaitambua. Basi mkeo au mumeo akikuambia, "Siku hizi umebadilika," usimkasirikie, bali mshukuru.

Hata hivyo, si vema kusingizia mawazo kila maradhi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba vidonda vya tumbo huletwa na fikira nyingi. Mwaka 1982 matabibu wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kuotesha vijidudu waliotoka katika matumbo ya wagonjwa, na baadaye ikathibitika kwamba vijidudu hao ndio sababu ya sehemu kubwa ya vidonda hivyo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa tu, "Acha mawazo," hatapona, anahitaji dawa. Kadhalika presha ya damu mara nyingi haina dalili yoyote, nayo hujulikana kwa kupimwa. Na mwenye maumivu ya kifua asingoje ushauri wa jirani. Aende hospitali mara moja.

Je, mwenye kulemewa na mawazo afanye nini? Tuwatazame ndugu zetu wa Zimbabwe. Kwa lugha ya Kishona hali hii huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na bibi 14 wasiokuwa matabibu wala wauguzi. Walifundishwa kukaa na mwenye mashaka juu ya benchi na kumsikiliza. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu watu 573 mjini humo, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata matibabu ya kawaida.

Njia yao ni nyepesi, nawe waweza kuianza leo. Kwanza, yataje mashaka yako yote kwa mtu mwaminifu, au yaandike katika karatasi. Pili, chagua moja tu. Tatu, tafuta hatua ndogo iliyo katika uwezo wako, uitende, kisha urudi useme imekuwaje. Kwa mfano, usiyeweza kulipa ada yote, nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya siku ya mwisho, umwombe ulipe kidogo kidogo. Deni litabaki lile lile, lakini utakuwa umetoka katika kuwaza na kuingia katika kutenda.

Pamoja na hayo, tembea kwa miguu kila siku, lala saa zile zile, acha kahawa nyakati za jioni, na ujiepushe na sigara na ulevi, ambavyo huonekana kutuliza na kumbe huongeza madhara. Moyo ukianza kwenda mbio, keti na uvute pumzi polepole kwa dakika chache. Na anayesali asali kwa utulivu, kisha ainuke akalifanye lililo mbele yake.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Wengi wetu, hasa wanaume, tumelelewa tukiamini kwamba kunyamaza ndiyo subira. Lakini subira haimzuii mtu kuomba msaada. Basi, ndugu msomaji, ikiwa umezitambua dalili hizi ndani ya nafsi yako, usiache juma hili lipite bila ya kumwambia mtu mmoja.