Joto Linasema Una Homa, Halisemi Una Nini

Wanachuo wenzangu, mwaka jana boom lilipoingia nilinunua kile kipimajoto cha kumlenga mtu kwenye paji la uso, kile ambacho tulipigwa nacho getini enzi za korona. Likizo nikaenda nacho nyumbani Mpale, Korogwe, nikijiona daktari wa ukoo.

Asubuhi moja ya baridi na ukungu, mpwa wangu wa miaka mitano aliingia kutoka nje akitetemeka. Nikamlenga: 36.1. Nikasema, "Huyu hana kitu, ni baridi tu." Bibi akamwingizia mkono kwapani, akanitazama. "Mjukuu wangu, mtoto anaungua." Nikabishana naye, tena mbele ya watu. Bibi hakunijibu. Alimwambia dada ambebe mtoto, wakashuka zahanati. Huko kipimajoto cha kwapani kilisoma 39.2, na kipimo cha haraka cha damu kikaonyesha malaria.

Mtoto alipona, lakini mimi sikulala vizuri. Kama wangenisikiliza, je? Basi nikaamua kusoma kifaa changu kinafanya nini hasa.

Kwanza, kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni, yaani infraredi. William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800, alipoweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua na kukuta panapata joto zaidi ingawa hapaonekani mwanga. Kipimajoto changu hupokea mionzi hiyo kutoka sehemu moja ya ngozi. Kamera ya joto hufanya hivyo hivyo kwa maelfu ya nukta kwa pamoja, kisha hupaka kila joto rangi yake. Kumbe haipenyi mwilini kama eksirei. Inasoma ngozi tu.

Pili, ngozi siyo mwili wote. Ukungu na jasho huipoza. Tena homa inapopanda, mwili hubana mishipa ya damu ya kwenye ngozi ili joto lisitoke, huku mgonjwa akitetemeka. Kwa hiyo paji la uso linaweza kuwa baridi wakati ndani kunawaka. Bibi aligusa kwapani, mahali palipofichwa na baridi. Alikuwa sahihi kisayansi kuliko mimi.

Tatu, hata kifaa kikisoma sawasawa, homa haitaji jina la ugonjwa, na ugonjwa si lazima uje na homa. Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Msafiri huyo alishukia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, akakaguliwa na wenzake, akaonekana hana homa, akaruhusiwa. Alianza kujisikia vibaya baadaye, akiwa hotelini. Hapo kifaa hakikudanganya: saa ile homa haikuwepo.

Je, picha za joto hazifai? Zinafaa, mradi zipewe kazi inayoziweza, hasa kulinganisha. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kusikia kidonda kinachoanza. Unyayo mmoja ukizidi mwenzake joto kwa takribani nyuzi 2.2, hiyo ni dalili ya kumwahisha kwa daktari. Lakini kwa saratani ya matiti tahadhari ni kubwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya kwamba picha ya joto haiwezi kuchukua nafasi ya mamografia. Mama au dada yako akiona uvimbe, asiridhike na picha ya rangi rangi. Aende hospitali.

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule za mbali, ambako mwalimu ndiye anayeamua kama mtoto anayetetemeka arudi kwenye dawati au aende zahanati. Tusiiachie namba moja iamue. Mtoto akidhoofika ghafla au akionyesha homa, damu ipimwe mapema, ndani ya saa 24.

Kifaa bado ninacho, na bibi nilishamwomba radhi. Siku hizi namkausha mtoto jasho, namkalisha ndani kwanza, ndipo nampima. Halafu namuuliza bibi.