Uzi gani kwa triko gani? Somo kwa vikundi vya wafumaji



Mwezi wa saba na wa nane, maharage ya msimu B yakiwa yamevunwa na shamba la msimu A bado halijapandwa, ndio wakati mzuri wa kushika sindano za triko. Kazi hii haiombi shamba wala umeme, na mtu anaweza kuifanya nyumbani huku chungu kiko motoni. Tena baridi ya kwetu kila mtu anaijua: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na milima mingi ya Masisi inapita mita 2,000.

Lakini faida ya triko inaamuliwa mapema, siku ya kununua uzi. Pesa ya kikundi ikishaingia ndani ya uzi usiofaa, hata mama mwenye mkono mzuri hawezi kuitoa tena. Juu ya hiyo, tunawapa hatua tano za kufuata.

1. Anza na mtu atakayevaa

Kabla ya kwenda sokoni, kikundi kijibu maswali matatu: Nani atavaa? Atafua namna gani? Atalipa ngapi?

Mtoto mchanga anahitaji uzi laini usiowasha, usio na manyoya marefu ya kuingia mdomoni. Kofia yake isiwe na kamba ndefu za shingoni, zinaweza kumkaba. Mwanafunzi anahitaji uzi wenye nguvu, maana triko yake itavutwa na kufuliwa kila juma. Na fasi ambako maji yananunuliwa kwa bidoni na vumbi jeusi la volkano linaingia kila mahali, triko nyeupe itamchosha mama mwenye kuifua. Rangi nzito zinauzika vizuri zaidi.

2. Jua uzi umetengenezwa na nini

Kondoo wetu wengi wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, wanafugwa kwenye nyanda za juu za Kenya. Kwa hiyo uzi wa bei ndogo tunaoupata sokoni mara nyingi ni akriliki, uzi wa kiwandani usiotoka kwa mnyama wala kwenye mmea.

Akriliki ni nyepesi, inakauka upesi na haihitaji maji mengi. Ubaya wake ni moto: haivumilii pasi kali, na ikishika moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mtoto anayetambaa karibu na babula asivalishwe triko pana yenye mikono inayoning'inia.

Sufu inapasha mwili joto hata ikipata unyevu kidogo, na haishiki moto upesi. Lakini ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, inajikunja na kuwa ndogo. Pamba ni laini kwa mtoto, ila ni nzito, na wakati wa mvua inachelewa kukauka.

Muuzaji akisema «Mama, hii na hii ziko sawa tu», omba kipande cha uzi cha urefu wa kidole. Kishike kwa koleo juu ya sahani ya chuma, nje ya nyumba, mbali na watoto, kisha kiwashe. Kikiyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni uzi wa kiwandani. Kikinuka kama nywele zilizoungua na majivu yakavunjika kwa vidole, ni sufu. Kikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Matokeo yakichanganyika, uzi wenyewe umechanganywa.

3. Soma lebo

Lebo ya bonge inaonyesha uzito, unene wa sindano na mara nyingi idadi ya vitanzi katika sentimita 10. Tafuta pia namba mbili. Ya kwanza ni ya rangi. Ya pili ni ya chungu ambamo uzi ulichovywa rangi. Mbele yake mara nyingi imeandikwa «Bain» au «Lot». Mabonge mawili ya rangi moja yaliyotoka vyungu tofauti yanaweza kufanana ndani ya duka, lakini kwenye jua mkono mmoja wa triko unaonekana mwingine. Nunua uzi wote wa kazi moja siku moja, wenye namba moja ya chungu.

4. Fuma kipande cha majaribio

Nunua kwanza bonge moja tu. Fuma kipande cha mraba cha sentimita 15, kifue, kikaushe, kisha hesabu vitanzi katikati yake ndani ya sentimita 10.

Tuseme unataka triko ya mtoto yenye mzunguko wa kifua wa sentimita 60, yaani 30 mbele na 30 nyuma. Ukihesabu vitanzi 22 kwa sentimita 10, mbele utaanza na vitanzi 66. Lakini mwenzako mwenye mkono mlegevu akipata 20 tu, vitanzi vyake 66 vitatoa sentimita 33. Triko yake itakuwa na mzunguko wa 66, nayo itakula uzi zaidi. Huyo achukue sindano nyembamba zaidi, afume kipande kingine mpaka afikie 22. Kikundi kinachouzia shule hakiwezi kutoa triko za «miaka 8» zenye vipimo kumi tofauti.

Mkiwa na kipande hicho mkononi, rudini mara moja kununua uzi uliobaki, kabla chungu hicho hakijaisha dukani.

5. Piga hesabu kabla ya kulipa

Pima kwenye mizani triko iliyokwisha fumwa kwa uzi huo. Tuseme ina gramu 200 na bonge moja lina gramu 50: kila triko inataka mabonge manne. Kwa triko kumi ni 40. Ongeza mawili ya akiba.

Tuseme tena bonge ni franka 3,000. Uzi wa triko moja ni 12,000, vifungo 1,000, usafiri 1,000: jumla 14,000. Ukiuza 20,000, inabaki 6,000. Kama ulifuma siku tatu, umepata 2,000 kwa siku. Linganisha na kibarua cha shambani kwenu, ndipo mkubaliane bei.

Msishindane na nguo za chaguwa kwa bei. Tafuteni kile ambacho chaguwa haileti kwa wingi: triko kumi au ishirini za rangi moja. Wanafunzi wetu wanavaa bluu na nyeupe, na shule zinafunguliwa mwezi wa tisa. Muoneni direkta kabla ya kununua uzi, mkiwa na kipande cha majaribio, na ombeni malipo ya kwanza.

Kazi ya mkutano ujao

Kila mama alete kipande chake cha sentimita 15, kilichofuliwa. Mvipange mezani, mhesabu vitanzi pamoja, na mwandishi aandike namba ya kila mmoja kwenye daftari. Mkishapata namba moja, mtaweza kufungua sanduku la kikundi na kununua uzi bila wasiwasi.