Dondoo muhimu: Mombasa hadi Malindi kwa teksi, kwenda na kurudi

Elewaneni bei ya siku nzima kabla ya kuondoka, mafuta na muda wa dereva kusubiri vikiwemo. Safari ya kwenda ni kama kilomita 120, na foleni ya Mtwapa hula asubuhi yako ukichelewa. Saa kumi na mbili alfajiri muwe mmeshavuka daraja la Nyali.

Anzeni na Gede, jua likiwa bado pole, na msiharakishe. Mji huu wa mawe uliohamwa karne ya 17 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, na unastahili. Mwombe mwongozaji akuonyeshe kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Kisha chungulia visima na vyoo vya nyumba za mawe. Hapo ndipo utakapoona wenyewe walivyojua kuishi. Vaa viatu vya kufunika, maana mizizi imetambaa kila njia. Ndizi ziache garini, kima wa pale hawana haya.

Malindi, mnara wa Vasco da Gama hautakuchukua muda. Makaburi ya nguzo kando ya msikiti, karibu na ufuo, ndiyo ya kutazamwa kwa utulivu. Siku ya Ijumaa, epuka kufika hapo wakati wa sala. Mavazi yawe ya heshima. Mkila wali wa nazi na samaki wa kupaka, dereva naye akaribishwe mezani.

Mkirudi, simameni kwenye magofu ya Mnarani, Kilifi, kabla giza halijaingia.