SOMO: UVUMILIVU KATIKA KUJIFUNZA LUGHA YA PILI



Wengi wetu hapa Ufipa tulianza kusema kwa Kifipa, na Kiswahili tukakikuta shuleni. Wenzetu waliohamia Sumbawanga kwa kazi wamekuja na lugha zao, nao hujaribu Kifipa sokoni. Basi somo hili latuhusu sote.

Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Mimi nimekwisha zeeka, ulimi umekuwa mzito." Au mama anaombwa kusoma somo kanisani, naye akataa. Kusoma anajua, ila aogopa kuchekwa akikosea Kiswahili. Je, kizuizi ni ulimi, au ni moyo uliokata tamaa?

1. Mfano wa Krapf

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa. Angeweza kurudi kwao bila kulaumiwa na mtu. Lakini alibaki, na katika mwaka uleule wa msiba alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa bado anajifunza. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu kufika kwake ni miaka 38.

Yafaa tuangalie mambo mawili. Kwanza, hakungoja ajue yote ndipo aanze. Pili, ingawa alikuwa msomi, alikubali kufundishwa na wenyeji. Asiyekubali kusahihishwa hujifunza kidogo tu.

2. Mfano wa ntumba

Wakulima wa Ufipa waijua ntumba. Mvua zikaribiapo kwisha, twageuza udongo na kufukia majani katika matuta. Hakuna afukuaye kesho yake kutazama kama yameoza. Hungoja mvua za msimu unaofuata, ndipo huyatawanya matuta na kupanda ulezi. Maneno nayo ni vivyo hivyo. Neno ulilojifunza leo na kulisahau kesho halikupotea. Lirudie, litaiva.

3. Tufanyeje?

Anayejifunza na atumie lugha kila siku, hata kama ni salamu na maneno matatu. Asipoelewa, aulize tena bila haya. Kumbukeni yule rafiki katika Luka 11 aliyebisha mlango usiku wa manane mpaka akapewa mkate.

Nasi tunaojua tuna wajibu. Kicheko kimoja chaweza kumnyamazisha mtu mwaka mzima. Msomaji akikosea kanisani, tusigeuziane macho. Tumngoje nje baada ya ibada, tumweleze kwa upole, kisha tumwombe asome tena Jumapili nyingine. Wageni wakijaribu Kifipa, tuwajibu kwa Kifipa, polepole, tusikimbilie Kiswahili.

Mvumilivu hula mbivu, lakini ni vigumu kuvumilia kati ya watu wanaocheka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Ni nani katika mtaa wetu aliyenyamaza kwa sababu alichekwa?
2. Ni neno gani la lugha ya jirani tutakalojifunza wiki hii?
3. Tutamsahihishaje mzee bila kumvunjia heshima?