SOMO: KUONGEZA CHUMBA BILA KUINYIMA NYUMBA HEWA

Watu wengi wa Butembo na Beni hukaa katika nyumba zilizojengwa na wazazi wao. Jamaa huongezeka: mwana huoa, wajukuu huzaliwa. Tena tangu mwaka 2014 mauaji katika vijiji vya Beni yamewafukuza watu wengi makwao, nao wamepokewa na ndugu zao mjini. Ndipo mwenye nyumba humwita fundi na kusema, “Tuongeze chumba.”

Kuwapokea ndugu ni jambo jema. Lakini mara nyingi chumba kipya huegemezwa kwenye ukuta wa zamani, pale pale penye dirisha. Dirisha lile huzibwa, au hubaki kama tundu la kutazamia chumba kipya. Chumba cha kwanza huwa na giza na unyevu, na watoto wanaolala humo huanza kukohoa. Kwa hiyo tushike neno hili: kabla ya kuziba njia ya baridi, fungua njia ya hewa.

1. Kila mji na hali yake

Kutoka Butembo mpaka Beni ni mwendo wa kilometa 54 tu, lakini hali ya hewa si moja. Butembo iko juu mlimani, zaidi ya mita 1,700. Beni iko chini yake kwa mamia ya mita. Kila ushukapo mita 1,000 joto huzidi kwa kadiri ya digrii 6. Kwa sababu hii mtu wa Butembo hutafuta kulihifadhi joto usiku, na mtu wa Beni hutafuta kulitoa mchana. Nyumba iliyo njema huku haifai kuigwa yote kule.

Sisi tunakaa karibu na mstari wa ikweta. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki, na jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi. Huko Butembo, weka dirisha la chumba cha kulala upande wa mashariki, ili jua la asubuhi likaushe unyevu wa usiku. Huko Beni, usiweke madirisha makubwa upande wa magharibi. Weka mawili yanayoelekeana, kaskazini na kusini, ili upepo upite katikati. Mti wa kivuli upande wa magharibi nao ni msaada mkubwa.

2. Dirisha la zamani

Kabla fundi hajaweka tofali la kwanza, ingia katika chumba cha zamani, funga mlango, ukaulize: hewa itaingia wapi dirisha hili likizibwa? Kama huna jibu, usianze kazi. Toboa kwanza dirisha jingine kwenye ukuta mwingine. Kama hakuna ukuta mwingine ulio wazi, acha ujia usioezekwa kati ya nyumba ya zamani na chumba kipya. Au jenga paa la chumba kipya chini kuliko la zamani, uweke matundu juu ya ukuta, pale hewa yenye joto inapopanda.

Kipimo rahisi ni hiki: dirisha linalofunguka liwe sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina sakafu ya mita za mraba 12. Basi dirisha lake liwe kama mita 1 kwa mita 1 na sentimita 20.

Kipimo hiki ni cha afya. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa ambaye hajatibiwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, vijidudu hubaki hewani kwa saa nyingi, na wote walalao humo huvivuta. Hewa ikipita, vijidudu hupungua. Hata katika nchi za baridi kali watu wamelazimika kujifunza hivyo. Uingereza, mtu aongezapo chumba, sheria humtaka azuie joto lisitoroke. Lakini sheria nyingine humtaka aweke pia njia za hewa. Mambo haya mawili huenda pamoja.

3. Dari, kuta na maji

Bati ni jembamba. Mchana huwaka kwa jua, usiku hupoa upesi, na umande hudondoka kutoka chini yake juu ya vitanda. Dawa yake ni dari. Dari ya mbao, ya mianzi au ya mikeka ya matete, yenye nafasi wazi kati yake na bati, huzuia baridi ya Butembo, nayo huzuia joto la Beni pia. Kama fedha ni chache, anza na chumba wanacholala watoto na wazee. Dari ya mikeka isiwe karibu na moto wala taa.

Ukuta mnene wa udongo hushika joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Usiubomoe kwa haya, ukidhani ukuta wa mbao nyembamba ni wa kisasa zaidi. Ziba nyufa zake.

Mahali paa jipya linapokutana na la zamani ndipo maji yanapoingia. Fundi aweke bati la kufunika maungio hayo, na mfereji wa kupeleka maji mbali. Sakafu mpya iinuliwe juu ya ardhi. Ukuta wenye maji huwa baridi daima, huota ukungu, na mwenye pumu huteseka.

4. Mbabula si blanketi

Usiku wa baridi wengine huingiza mbabula chumbani, hufunga mlango na kulala. Husema, “Makala yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi.” Hapo ndipo penye hatari. Makala mekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Aliyelala huenda asiamke. Tena kadiri unavyoziba nyufa za nyumba, ndivyo sumu hii inavyozidi kuwa kali. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali hata akizinduka.

Usilale na mbabula kamwe. Blanketi na dari ni salama kuliko makala.

5. Jiko

Usifanye chumba kipya kuwa jiko lililoungana na vyumba vya kulala. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Wengi wa wanaouvuta kila siku ni akina mama na watoto wachanga. Jiko liwe kando, lenye tundu la moshi juu na mlango ulio wazi.

Punguza pia moto wenyewe. Loweka maharagwe tangu jioni, funika sufuria, tumia kuni kavu. Hivyo fedha ya makala itabaki, nayo yaweza kununua mbao za dari.

Maswali ya kujibu pamoja nyumbani

1. Ni chumba gani katika nyumba yetu kisicho na dirisha linalofunguka nje?
2. Tukiongeza chumba, ni dirisha gani litazibwa, nasi tutafungua jingine wapi?
3. Mbabula yetu hulala wapi usiku?
4. Ni nani nyumbani anayekohoa zaidi ya majuma mawili? Huyo aende hospitali kupimwa, asingoje nyumba ikamilike.