Redio ya Biashara: Nani Anailipia?

Zamani Tanzania Bara redio ilikuwa ya serikali tu. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1973 watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya", wakachimba vyoo.

Mwaka 1993 sheria iliruhusu redio za watu binafsi. Baadaye Mwanza ikapata Radio Free Africa. Pamoja na FM, ilitumia mawimbi ya kati, kilohezi 1377. Mawimbi ya kati hufuata ardhi, kwa hiyo hufika mbali, hata vijijini kama kwetu Kishapu. Yale ya FM huzuiwa na vilima.

Je, redio ya biashara hupata wapi fedha? Kwa wenye bidhaa! Muuza dawa ya pamba hulipa ili dawa yake isifiwe. Ukisikia, "Dawa hii inamaliza wadudu wote," usikimbilie kununua. Hiyo siyo habari, ni tangazo. Muulize kwanza bwana shamba. La sivyo fedha zitakwenda, na pamba italiwa vilevile.

Maswali

1. Mawimbi gani hufika mbali? Kwa nini?

2. Leo sikiliza redio. Habari ni zipi, matangazo ya biashara ni yapi?