MAJIRA YA MWAKA NA KALAMU YA MWANDISHI
Somo kwa waandishi vijana, kwa mfano wa nchi ya Kaaleng

Mwanafunzi wa nchi kavu akiambiwa aandike insha juu ya "Siku ya Mvua", mara nyingi huandika habari za baridi kali, makoti mazito, na matope katika shamba la mahindi. Maneno yake ni mazuri na hati yake ni safi, lakini mvua ile si ya kwao. Ameiazima katika kitabu cha mtu wa nyanda za juu. Mvua ya kwao yeye ameiona kwa macho yake, nayo ina mambo mengi ya kusimuliwa, lakini ameiacha mlangoni kwa kudhani kwamba haifai kuandikwa.

Somo letu la leo ni juu ya jambo hilo. Tutaeleza jinsi majira ya mwaka yanavyoamsha au kulaza fikira za mwandishi, na tutachukua mfano wetu katika Kaaleng, kaskazini mwa Kaunti ya Turkana nchini Kenya.

1. MWANGA NA MAJI

Watu wa Ulaya wameandika sana juu ya majira, na hapana budi tujue sababu yake. Mjini London siku ya kiangazi huwa na mwanga wa saa 16 na zaidi, na siku ya baridi haifiki saa 8. Kwa hivyo mwandishi wa huko hubadilika pamoja na mwanga. Zaidi ya hayo, hali ya hewa huweza kumfungia mtu ndani ya nyumba na kumpa kazi. Mlima Tambora wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1815, vumbi lake lilitanda angani, na mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi cha kweli. Mwezi wa Juni mwaka ule Mary Shelley alikuwa karibu na mji wa Geneva pamoja na rafiki zake. Mvua ikawazuia ndani, wakashindana kutunga hadithi za kutisha, na yeye akaanza kitabu chake cha Frankenstein.

Kaaleng hali ni nyingine. Mahali pale ni kama digrii 4 tu kaskazini ya ikweta, na tofauti ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa ni karibu nusu saa. Jua halibadiliki sana, bali kinachobadilika ni maji. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, nayo ni chini ya robo ya mvua ya Nairobi. Maji yakija, watu hukusanyika. Yakiondoka, watu hutawanyika. Basi mwandishi wa Turkana hana haja ya kutafuta majira yake katika theluji wala katika majani yaangukayo Ulaya. Ayatafute katika nyayo za watu na mifugo.

2. AKIPORO, MAJIRA YA MVUA

Waturkana huugawa mwaka sehemu mbili kubwa. Majira ya mvua huitwa akiporo, nayo kwa kawaida huanza mwezi wa Machi au Aprili. Majira ya ukavu huitwa akamu.

Katika akiporo nyasi huchipuka upesi, maziwa huongezeka, na jamaa waliokuwa mbalimbali hukaribiana. Huu ndio wakati wa ngoma, wa harusi, na wa kutembeleana. Kijana hupata wasikilizaji. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai ampendaye, ambaye pembe zake huenda zimekunjwa kwa ustadi, na humtungia nyimbo za kusifu rangi yake, mwendo wake, na safari walizokwenda pamoja. Hata yeye mwenyewe huweza kuitwa kwa jina la maksai huyo. Nyimbo hizo huimbwa mbele ya watu, na watu huzipima: hii ina maneno mapya, ile ni ya kurudia-rudia.

Hapa mwandishi anajifunza jambo la kwanza. Majira ya neema ni majira ya kutoa kazi hadharani na kusikiliza hukumu ya wengine. Anayejificha na daftari lake wakati watu wote wamekusanyika hupoteza shule isiyolipiwa ada.

3. AKAMU, MAJIRA YA UKAVU

Wengi hudhani kwamba wakati wa ukavu fikira nazo hukauka. Lakini wimbo ulioimbwa katika akiporo ulianza wapi? Mara nyingi ulianza katika akamu, mchungaji alipokuwa peke yake nyuma ya mifugo, akitazama kama nyama wa mgongo wa maksai wake anapungua. Upweke ule ndio uliompa muda wa kuchagua maneno.

Akamu ina mambo yake ambayo kalamu haitakiwi kuyapita. Mto ukikauka, watu huchimba visima katika mchanga wake. Kisima kikiwa kirefu, mtu mmoja husimama chini, mwingine juu yake, na mwingine juu zaidi, wakipokezana maji mpaka yafike kwa mnyama. Maganda ya mgunga, yaitwayo ngitit, hukusanywa yawe chakula cha mbuzi. Matunda ya mkoma huliwa, na makuti yake husukwa vikapu na wanawake. Mwandishi akiandika tu kwamba "nchi ilikuwa kavu na watu walipata taabu", hajasema neno. Lakini akisema ni watu wangapi waliosimama ndani ya kisima siku ile, msomaji wa Tanga au Kampala aliye na mfereji nyumbani ataelewa ukavu ni kitu gani.

Pia lazima tuseme juu ya mwili wa mwandishi. Katika nchi ya namna hii joto la mchana hupita digrii 35 mara kwa mara, na akili iliyochoshwa na joto haichagui maneno vizuri. Mwenye busara huandika alfajiri, mchana husikiliza mazungumzo ya watu chini ya mti, na jioni husahihisha.

Tena ukali wa nchi hauzuii kalamu. Upande ule ule wa kaskazini uko mji wa Lokitaung, ambako Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa tangu mwaka 1953. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, yenye malalamiko juu ya hali yao, ilitoka gerezani ikachapishwa na gazeti la The Observer la London. Mmoja wa wafungwa wale, Bildad Kaggia, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1975. Jua lile lile liliwawakia, na maneno yao yakafika mbali.

4. MVUA MOJA, HABARI MBILI

Msiwaze kwamba majira yana maana moja kwa watu wote. Wingu likitokea, mchungaji wa Kaaleng hufurahi, kwa maana anaona maziwa. Lakini Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wingu lile lile huweza kuleta hofu. Mto Tarach ukifurika, nyumba za matofali ya udongo huloa na kuanguka, na aliyekimbia vita hukimbia tena maji. Wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao wenyewe, Kanere, mwaka 2008, na kwa hivyo habari za mahali pale zikapata kusimuliwa na wenyeji wa mahema yale.

Basi kabla ya kuandika "mvua ni baraka", jiulize: baraka kwa nani? Swali hilo moja laweza kuifufua insha iliyolala.

5. MAJIRA YAKIVUNJA AHADI

Watu wa pwani walikuwa na kaskazi ya kuleta majahazi kutoka Arabuni na kusi ya kuyarudisha, na washairi wao, kama Muyaka bin Haji wa Mombasa, wakaitumia bahari na vyombo vyake kusemea mambo ya wanadamu. Wajapani nao, katika shairi lao fupi la mizani 17, wana desturi ya kuweka neno moja linalotaja majira. Wote hao waliyategemea majira kuwa yatarudi.

Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza katika Kenya ya kaskazini na nchi jirani. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kame za Kenya. Kisha mwisho wa mwaka 2023 ikaja mvua kubwa, na mafuriko yakaharibu mali sehemu nyingi.

Wengine watasema hayo ni mambo ya maofisa wa mifugo, hayamhusu mwandishi. Yanamhusu sana. Maksai akifa, si nyama na ngozi tu zilizopotea. Jina la mtu limepata pengo, na wimbo umebaki bila mwenyewe. Watu wasipokusanyika kwa kukosa akiporo, mtoto hasikii nyimbo za baba yake, na asiyezisikia hawezi kuziendeleza. Waturkana walizoea kuipa miaka majina kwa mambo makubwa yaliyotokea ndani yake, na kwa njia hiyo wazee waliweza kuisoma historia bila karatasi. Sasa kijana aliyesoma anazo njia mbili: kumbukumbu ya wazee na kalamu ya shule. Asipoziunganisha, ukame utachukua mifugo, na usahaulifu utachukua maneno.

Wahenga walisema: kila zama na kitabu chake. Lakini kitabu hakijiandiki.

6. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, uwe na daftari la majira. Kila wiki andika mistari mitano: upepo umetoka wapi, mti gani umechanua, watu wamehamia wapi, chakula gani kimeadimika.

Pili, tumia majina ya nyumbani. Ukiandika akiporo, eleza maana yake mara moja, kisha uendelee nalo. Usilione haya.

Tatu, gawa kazi yako kama mchungaji. Wakati wa upweke tunga. Wakati wa mkutano soma mbele ya watu.

Nne, usingoje mvua ndipo uandike. Aliyengoja kati ya 2020 na 2022 alikosa kuandika habari kubwa kuliko zote za umri wake.

ZOEZI

(a) Muulize mzee mmoja wa kwenu jina la mwaka mmoja wa shida na sababu ya jina hilo. Andika majibu yake kwa maneno yasiyozidi 150.

(b) Eleza kisima, mto au bomba la kwenu katika mwezi mkavu, bila kutumia maneno "ukame", "shida" wala "taabu".

(c) Andika habari za mvua moja mara mbili: kwanza kama aionavyo mwenye mifugo, kisha kama aionavyo mwenye nyumba ya udongo.

Ukimaliza, msomee kazi yako yule mzee wa zoezi la kwanza. Akikusahihisha, shukuru na urekebishe. Akinyamaza akatazama mbali, jua umefika.